Somo la Kilimo: Kufungua Shamba Lililomezwa na Ndago

Shamba lililokaa misimu kadhaa bila kulimwa humdanganya mkulima anayeanza. Akishalifyeka, hudhani kazi imekwisha. Mvua ikinyesha, ndago huchipuka pamoja na mahindi na kuyanyang'anya maji na mbolea, na gharama ya mbegu huenda bure.

Nguvu ya ndago iko ardhini, kwenye viazi vidogo vilivyoungana kama shanga. Trekta likivitenganisha, kila kiazi chaweza kuwa mmea mpya.

1. Kazi ianze wakati wa kiangazi, Januari au Februari, kabla ya mvua ya masika.
2. Mkulima apime kipande cha hatua kumi kwa kumi, afyeke, kisha achimbue kwa jembe la meno na kuokota viazi.
3. Viazi vianikwe juani hadi vikauke kabisa. Vikiwa vibichi visitiwe kwenye mboji.
4. Nyasi zilizofyekwa zisichomwe, zihifadhiwe kwa matandazo. Moto hauvifikii viazi vilivyo chini.
5. Kipande kipandwe kunde au viazi vitamu. Kivuli cha majani hudhoofisha ndago.

Kipande cha kwanza kikidhibitiwa, kingine kifunguliwe. Kwa ushauri zaidi, wakazi wamwone afisa wa kilimo wa wadi.