Mama anayenyonyesha asiache vyakula vyote kwa mara moja



Msimu huu wa karanga tumesikia tena ile habari katika mikutano yetu hapa Kamina. Mtoto wa miezi miwili anatapika, ngozi inatoka upele, choo chake kina ute na damu kidogo. Majirani wanamwambia mama: acha maharagi. Kesho: acha samaki. Kesho kutwa karanga na mayai. Mwisho mama anabaki paka na bukari na sombe. Tulimkuta mmoja wa hivyo: amekonda, hana nguvu ya jembe, na mtoto bado hajapona. Chai yake ya asubuhi, yenye maziwa ya unga, hakuna aliyeiuliza.

Kulia peke yake si alama ya chakula. Watoto wachanga wanalia zaidi mpaka karibu wiki ya 6, kisha inapungua kufika mwezi wa 3 au wa 4. Kama anaongeza kilo vizuri, mama akule vyote. Lakini damu pamoja na homa, mtoto kulegea, uso kuvimba au kupumua kwa shida, hapana kungoja: kituo cha afya siku ileile. Ni muuguzi njo atasema kama inaweza kuwa chakula.

Inatokea hivi: protini kidogo ya chakula cha mama inapita katika maziwa yake, na watoto wachache mwili wao unaikataa. Mara nyingi ni ya maziwa ya ng'ombe. Soya na mayai yanafuata. Maziwa ya mbuzi hayasaidii, yanafanana sana na ya ng'ombe.

Sasa fikirini shamba la majaribio. Mukibadilisha mbegu, mbolea na nafasi kwa msimu mmoja, mavuno yakipanda hamutajua ni nini imeyaleta. Hapa pia tuondoe kitu kimoja. Tuanze na maziwa, na yale yaliyojificha: biskuti, mikate mingine, margarini, uji wa kuchanganya. Soma pakiti, au mtoto wa shule akusomee. Ngoja wiki mbili mpaka nne. Kila jioni weka alama katika daftari: choo, upele, kutapika. Asiyeandika atumie punje: ya mahindi kwa siku nzuri, ya maharagi kwa siku mbaya.

Mtoto akipata nafuu, kazi bado haijaisha. Mama arudishe kile chakula. Shida ikirudi, tumempata mwizi. Isiporudi, hakikuwa kosa lake, mama aendelee kukila. Na kama wiki nne zimepita bila badiliko, rudisha maziwa, rudi kwa muuguzi, ndipo mujaribu kingine.

Wababa, hapa tunasema na ninyi. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi kuliko mbele ya mimba. Akiacha maziwa, apate samaki wadogo wakavu wa Bukama, wa kula na mifupa yao, maharagi, karanga safi (zenye ukungu tupeni), lengalenga. Anayekula paka bukari ya muhogo mchungu usiolowekwa vizuri, bila samaki wala maharagi, anakaribisha konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu ulioandikwa na waganga wa Kongo tangu 1938. Protini njo inasaidia mwili kutoa ile sumu.

Na mtoto asiachishwe ziwa. Mpaka miezi 6 ni maziwa ya mama tu, hata maji au dawa za majani hapana.

Yule mama alirudia maharagi, samaki, karanga na mayai, akaacha maziwa ya unga. Siku ya kumi damu ilikuwa imekwisha. Wiki ya nne alikunywa chai ya maziwa. Kisha siku mbili, ute ukarudi. Sasa anakunywa chai kavu. Muuguzi amemwambia watajaribu tena mtoto akikaribia mwaka mmoja, maana wengi wanazoea. Kwenye palizi ya mwisho alikuwa mstarini pamoja nasi, mtoto mgongoni.