Nyonga Ikigoma Baada ya Theluji

Wadogo zangu mnaoishi kwenye baridi, mliokwisha kuonja raha ya skii huko Colorado, Alberta au Uswisi, leo tuzungumzie nyonga. Goti ndilo linalotajwa sana, na kweli huumia mara nyingi zaidi. Lakini ubao ukinasa kwenye theluji ngumu huku mwili unaendelea kuzunguka, msokoto ule unaweza kupanda hadi paja linapoungana na kiuno.

La dharura kwanza. Ukianguka ukashindwa kusimama, au mguu ukaonekana mfupi au umepinda, usikubali kuinuliwa na marafiki. Subiri waokoaji wa mlimani. Nyonga iliyoteguka hutakiwa kurudishwa mahali pake ndani ya saa 6 hivi, kwani kichwa cha paja kikikosa damu, mfupa huanza kufa.

Wengi lakini huinuka, wakajikung'uta, wakamaliza siku yao. Maumivu huja baadaye, wakiinama kuvaa soksi au wakishuka kwenye gari. Ukimwuliza mtu kama huyo panapouma, mara nyingi ataikumbatia nyonga kwa kiganja: kidole gumba nyuma, vidole vingine mbele kuelekea kinena. Daktari wa mifupa akiona mkono umekaa hivyo, anaanza kushuku kiungo chenyewe. Na tafadhali mdogo wangu, sema wazi kuwa kinena kinauma. Najua tulivyolelewa. Ukificha kwa aibu, utaishia kupigwa picha ya mgongo na kurudi nyumbani na dawa za maumivu.

Kinachochanika mara nyingi ni labramu, utepe wa gegedu unaozunguka kikombe cha nyonga na kukiziba kama mpira wa kifuniko cha preshakuka. Mwaka 2003, Reinhold Ganz na wenzake wa Bern, Uswisi, walieleza jinsi umbo la mfupa wenyewe linavyoweza kuubana na kuusaga utepe huo kila unapokunja mguu. Kwa hiyo huenda skii imemalizia tu kazi iliyoanza zamani, na daktari akiushona utepe bila kuuchonga mfupa uliozidi, tatizo linaweza kurudi.

Upasuaji wa matundu madogo hufanywa hivi: unalazwa kwa nusukaputi, mguu unafungwa kwenye kiatu maalumu na kuvutwa hadi kiungo kifunguke karibu sentimita 1. Kupitia matundu 2 au 3, daktari anaingiza kamera na vifaa vyembamba, anachonga mfupa, anaushikiza utepe kwa nanga ndogo na uzi. Kwa kawaida unalala kwako usiku uleule.

Hapo ndipo watu wanapojidanganya. Ngozi hupona upesi, nyonga haina haraka hiyo. Utatembelea magongo kwa wiki kadhaa, na skii isahau kwa miezi 4 hadi 6, pengine zaidi. Wengine hupata ganzi kinenani au mguuni kwa sababu ya kule kuvutwa. Mara nyingi huisha yenyewe.

Je, ukimbilie kisu? Mimi nasema anza na mazoezi ya viungo, isipokuwa daktari ana sababu ya kuharakisha. Utafiti wa Uingereza wa mwaka 2018, uliohusisha wagonjwa 348 wenye nyonga zinazobanwa na mfupa, ulionyesha kuwa waliopasuliwa walipata nafuu zaidi baada ya mwaka mmoja, lakini hata waliofanya mazoezi na mtaalamu walipata nafuu. Gegedu likiwa limekwisha kulika sana, matundu haya hayatakusaidia. Mwambie daktari akuonyeshe eksirei yako na akueleze nafasi iliyobaki kati ya mifupa.

Mwulize pia ni nyonga ngapi kama yako anazifanya kwa mwaka. Halafu, kabla hujakubali tarehe, ipigie simu bima yako ujue italipia vikao vingapi vya mazoezi baada ya upasuaji, na umtafute wa kukupikia na kukupandisha ngazi wiki zile za magongo.