Walinzi wa Damu na Ugonjwa wa Selimundu

Ndugu wanafunzi, wazazi na walezi, katika somo la afya mwaka huu tumechagua jambo linalotokea ndani ya mishipa ya kila mmoja wetu, nalo ni safari ya chembe nyeupe za damu kutoka ndani ya mshipa kwenda nje. Kwa watoto wengine wa mkoa wetu wa Simiyu safari hiyo inageuka kuwa maumivu, na hao ndio tuliowakusudia.

Mtoto akichomwa mwiba kwenye shamba la pamba, siku ya pili mguu huvimba na kupata moto, na baadaye hutunga usaha. Usaha ule kwa sehemu kubwa ni chembe nyeupe zilizokufa zikipigana na vijidudu. Sasa zilifikaje pale, na ilhali mshipa wa damu haukukatika? Mwaka 1867 Mjerumani Julius Cohnheim alimtazama chura kwa darubini, akaona chembe nyeupe zinashika ukuta wa mshipa, kisha zinajipenyeza pole pole mpaka zinatokea upande wa pili.

Waliomfuatia wakafafanua. Sehemu iliyoumia hutoa ishara, na ukuta wa mshipa mdogo ulio karibu huotesha vitu mfano wa vinata, viitwavyo selektini. Chembe nyeupe inayopita mbio na damu hunaswa kidogo, hubiringika juu ya ukuta kama mpira, hupunguza mwendo, husimama, halafu hujinyoosha na kupita katikati ya seli za ukuta. Kazi yote hiyo ni ya dakika chache. Subhanallah! Chembe isiyoonekana kwa macho inajua mahali pa kushukia.

Mmoja wa waliotumia maisha yao katika elimu hii ni Dk. Paul Frenette, aliyetoka Kanada na kufanya kazi Marekani. Mwaka 1996 yeye na wenzake walieleza habari za panya waliozaliwa bila aina mbili za selektini. Chembe nyeupe za panya hao hazikuweza kubiringika wala kutoka sawasawa, nao wakashambuliwa na maradhi. Kumbe vile vinata ni rehema. Lakini mwaka 2002, akiwa New York, alionyesha upande mwingine kwa panya wenye selimundu.

Tueleze kwanza selimundu ni nini. Chembe nyekundu ya mtu mzima kiafya ni ya mviringo na laini, huishi siku 120 hivi. Ya mgonjwa wa selimundu hukakamaa na kupinda kama mundu, na huishi siku 10 hadi 20 tu, ndiyo maana mgonjwa hupungukiwa damu. Zamani ilidhaniwa kwamba zile chembe zilizopinda huziba mshipa zenyewe tu. Frenette na wenzake waliona kwamba chembe nyeupe hutangulia kunata ukutani, kisha zinazikamata zile nyekundu zinazopita, na mshipa unaziba. Mlinzi amesimama mlangoni, na msongamano unaanzia kwake. Mtoto hulia mifupa inamuuma, na jirani husema amerogwa.

Frenette alifariki mwaka 2021. Dawa ya kuzuia selektini ilikubaliwa Marekani mwaka 2019, lakini Ulaya iliondoa kibali chake mwaka 2023 baada ya utafiti mwingine kutoonyesha faida. Hakuna aibu katika hilo. Ndivyo elimu ya tiba inavyojisahihisha. Dawa iliyothibiti zaidi ni haidroksiyurea, ambayo huzuia chembe nyekundu zisipinde na pia hupunguza wingi wa chembe nyeupe. Imejaribiwa kwa watoto wa Kiafrika, wakiwemo wa Kilifi, Kenya, na Mbale, Uganda. Matokeo yaliyotangazwa mwishoni mwa 2018 yalionyesha kuwa maumivu, malaria na vifo vilipungua.

Hapa kwetu kazi kubwa imefanywa na Dk. Julie Makani, mzaliwa wa Arusha mwaka 1970. Alisomea udaktari Muhimbili, akaendelea London na Oxford, kisha akarudi. Yeye hakuchungulia mishipa ya panya. Aliwaandikisha wagonjwa na kuwafuatilia mwaka hadi mwaka. Kuanzia 2004 hadi 2009 walifuatiliwa zaidi ya 1,700 pale Muhimbili, na ikadhihirika kwamba wanaokufa zaidi ni walio chini ya miaka mitano. Mwaka 2011 alipewa tuzo ya Royal Society Pfizer. Sisi tunaona kazi ya kuhesabu kwa uaminifu ni elimu kubwa, ingawa haina mbwembwe.

Kwa nini iwe Simiyu? Mwaka 1954 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha kwamba mwenye kinasaba kimoja cha selimundu hupata kinga fulani dhidi ya malaria, na malaria kwetu si mgeni. Utafiti wa Bugando uliotolewa 2018, juu ya watoto wachanga wa mikoa ya kaskazini magharibi, ulikuta takriban mmoja katika watano ana kinasaba kimoja, na mmoja hivi katika mia ana ugonjwa wenyewe. Tazameni darasa lenu, mhesabu.

Wazazi, mtoto mwenye macho ya manjano, anayevimba vidole akiwa mdogo au kuumwa mifupa mara kwa mara, apelekwe hospitali akapimwe. Akikutwa nao, chanjo, penisilini katika miaka ya mwanzo na chandarua vinaokoa maisha. Baridi na kiu huchochea maumivu. Basi maji ya udhu wa alfajiri yapashwe moto, na mwanafunzi huyu aruhusiwe kwenda kunywa maji bila kuulizwa mara mbili. Kuhusu saumu, maradhi ni udhuru katika sheria yetu; aliyebaleghe na ana selimundu amuulize daktari na shekhe kabla ya Ramadhani, asijilazimishe kwa kuona haya. Na vijana wanaoposa wapime kabla ya ndoa, kwani wote wawili wakiwa na kinasaba kimoja kimoja, katika kila mimba kuna nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

Zoezi kwa darasa la juu: baba ana kinasaba kimoja cha selimundu, mama hana hata kimoja. Je, wanaweza kupata mtoto mgonjwa? Choreni mchoro wa kuthibitisha jibu lenu, mumletee mwalimu wa darasa.