Bomba la choo limeharibika: uchimbue lote?

Fundi ametaja bei ya kuchimbua na kubadilisha bomba zima. Nikubali?

Usikubali kabla ya kupima. Funua chemba ya mwisho, ile iliyo karibu na karo, kisha mtu amwage ndoo mbili za maji chooni. Maji yakifika hapo na kusimama, tatizo liko mbele: karo limejaa au shimo la kunyonya limeziba. Chemba ikibaki kavu, kizuizi kiko kati yake na choo, na mara nyingi waya wa kuzibulia unatosha. Bomba hubadilishwa likipasuka, likiingiwa na mizizi, au likiwa limelazwa bila mteremko. La inchi 4 linatakiwa lishuke kama sentimita 2 kwa kila mita. Hata hapo, mwambie fundi akuoneshe kipande kibovu. Huenda ni mita chache tu, hasa pale gari linapopita juu yake, na ni uonevu kumlipisha mtu mtaro mzima kwa kipande hicho. Makadirio yaandikwe, vifaa na ufundi mbalimbali.

Mbona choo hujaa kila masika?

Mabondeni mwa Dar es Salaam, kama Tandale au Keko, maji ya ardhini hupanda kati ya Machi na Mei, na shimo la kunyonya hukosa pa kuyapeleka ya kwako. Bomba jipya halitabadili kitu. Fedha hiyo ijenge karo lisilovuja, na linyonywe kabla ya mvua. Shimo jipya likae angalau mita 30 kutoka kisimani, cha kwako au cha jirani.

DAWASA, mamlaka ya maji na majitaka ya jiji, inahusika?

Mtandao wa majitaka unafikia sehemu ndogo ya jiji. Kama umeunganishwa na mtandao huo, na chemba ya barabarani inafurika, toa taarifa ofisi yao ya eneo kabla ya kuchimba kwako. Bomba kuu si mzigo wako. La ndani ya kiwanja ni la mwenye nyumba. Vingunguti, wakazi wakishirikiana na shirika la CCI walilaza mabomba membamba, ya kina kifupi, yanayopita katikati ya nyumba. Majirani wenye vichochoro vyembamba waulizie njia hiyo.

Mpangaji achangie?

Kunyonya, mara nyingi ndiyo. Ujenzi na ukarabati ni wa mwenye nyumba. Yote yaandikwe kwenye mkataba.

Tukitapisha choo usiku wakati wa mvua?

Hapana. Kinyesi hicho huingia visimani na kwenye miguu ya watoto. Kipindupindu cha Agosti 2015 kilianzia Kinondoni kikasambaa hadi mikoa mingine. Gari la kunyonya lisipopenya, tafuta kikundi chenye pampu ya mkono. Asiingie mtu shimoni, hata kwa dakika moja, kwani gesi yake inaua. Akianguka mtu, usimfuate ndani: piga 114, Zimamoto na Uokoaji.