Daftari la Kwado: Mafunzo Niliyopata Nikisubiri Fainali

Kwa miaka kadhaa nilikuwa karani wa pronostiki, yaani bashiri za mechi, kazi isiyo na mshahara, kwenye kibanda cha kwado mmoja pale Bel-Air, komini ya Kampemba. Kwado, kwa asiyeizoea Lubumbashi, ni fundi wa kuziba matairi. Mzee wetu alikuwa na pampu ya kukanyaga, redio iliyofungwa kwa utepe wa mpira, na msimamo kwamba timu yake bado inaitwa Englebert. Alikuwa na sababu: klabu ilibeba jina hilo la matairi kabla ya kuitwa Mazembe, na ilikuwa Englebert ilipotwaa Kombe la Klabu Bingwa Afrika mwaka 1967 na 1968. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ikikaribia, redio ilibashiri, wateja wakabashiri, mimi nikaandika.

1. Anayebashiri anakwambia kwanza anakaa upande gani

TP Mazembe na Saint-Éloi Lupopo, timu ya watu wa reli, zote mbili zilizaliwa mwaka 1939, na tangu hapo mji umegawanyika hadi ndani ya nyumba. Nyota ni stesheni ya Moïse Katumbi, ambaye miaka ile ndiye alikuwa rais wa Mazembe. Haikuhitaji kusema inamshangilia nani. Upande wa pili, jirani yetu wa Lupopo aliwapa ushindi Wanaijeria, kisha Watunisia, kisha Waaljeria, bila kumjua mchezaji wao hata mmoja. Nikaanza kuandika M au L kando ya kila bashiri. Bila herufi ile, 3-0 haikuwa na maana yoyote.

2. Msikilize anayejua hesabu

Wamarekani katika fainali yao ya besiboli wanaweza kufika mechi saba, kwa hiyo mbashiri aliyekosea mwanzoni ana siku nyingi za kujisahihisha. Sisi tulikuwa na mechi mbili tu, ugenini na nyumbani. Novemba 2009 Mazembe ilifungwa 2-1 na Heartland kule Owerri, na asubuhi yake redio zikaongea kama ziko matangani. Wapigaji simu walitaka kocha afukuzwe. Mtangazaji mmoja tu, kijana mwenye sauti ya kupwaya, alirudia jambo lile lile wiki nzima: bao la ugenini lipo, 1-0 inatosha. Hakuna aliyempenda. Mzee alichukua chaki anayotumia kuzungushia tundu la tairi, akaandika hesabu hiyo ubavuni mwa tairi la lori na kuiacha pale.

Mechi ya marudiano katika uwanja wa Kibassa Maliba ilikwisha 1-0, na bao lenyewe Wanaijeria walijifunga. Daftari langu lilikuwa na bashiri zaidi ya thelathini: ushindi mnono, penalti, bao la kichwa la dakika ya mwisho. Hakuna aliyeandika kwamba adui ndiye atatufungia. Tangu siku ile, nikisikia mtu redioni anataja jina la mfungaji kabla ya mechi, namsikiliza kama ninavyosikiliza habari za redio-trotwari, uvumi wa mtaani: kwa hamu, na bila kuamini.

3. Uchambuzi ni wa Kifaransa, hofu ni ya Kiswahili

Studioni mabwana wale waliongea Kifaransa cha mfumo na viungo wakabaji. Simu zikifunguliwa, Kiswahili chetu cha Lubumbashi kinaingia na ukweli wake: “Bale bantu beko na nguvu.” Mama mmoja muuza matunda ya masuku alipiga, akauliza swali moja tu, kama uwanja wa wenzetu una nyasi za kweli au za plastiki. Studio ikacheka. Kwangu lilikuwa swali bora la juma lile, na halikujibiwa.

4. Kubashiri kwa heshima ni kubashiri vibaya

Mwaka 2010 tuliipiga Espérance ya Tunis 5-0 hapa nyumbani, tukatwaa kombe tena, halafu Desemba timu ikaenda Abu Dhabi kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Ikaitoa Pachuca. Kisha ikaja Internacional ya Brazili, na hata wenye herufi M wakawa wapole ghafla: tusifungwe mengi, tusiaibike. Mwanafunzi mmoja aliyekuja kujaza upepo kwenye baiskeli aliandika 2-0 kwa Mazembe, na tukamcheka mpaka akaondoka bila kulipa. Ikawa 2-0, na kipa wetu Kidiaba akasherehekea kwa kurukaruka kwa makalio dunia nzima ikimtazama. Katika fainali na Inter ya Milano sote tukaandika ushindi. Tulifungwa 3-0.

5. Mgeni hana aibu ya kutaja jina

Oktoba 2015 tulirudi kutoka Algiers na ushindi wa 2-1 dhidi ya USM Alger. Wiki ile dereva Mtanzania alileta lori lake kuzibwa tairi. Kiswahili chake kilinyooka kama rula. Mzee alimuuliza bashiri yake.

“Samatta anafunga, mzee wangu.”

“Bao la namna gani?”

“Lolote. Yule ni mtoto wa nyumbani.”

Nilimwandikia sheria yangu pembeni: jina la mfungaji, usiamini. Aliweka dau la chupa ya bia ya Simba, akaondoka kuelekea Kasumbalesa kabla ya Jumapili.

Novemba 8 umeme ulikatika. Tukasikiliza kwa betri zilizoanikwa juani tangu asubuhi, sauti ikizama na kuibuka. Dakika ya 75 penalti, Samatta akafunga. Mwishoni kabisa Assalé akaongeza la pili. Mzee alinunua ile chupa siku ile ile, akaiweka juu ya rafu kati ya viraka na gundi, na kila lori lenye namba za Tanzania lilipopunguza mwendo mbele ya kibanda, alisimama kutazama kama ni yule.