Kabla ya Kumkabidhi Wakala Katapila la Zamani



Katapila, greda na trekta nyingi zilizonunuliwa kwa michango ya miradi ya barabara, mabwawa na mashamba sasa zimezeeka. Baadhi ya kamati zinataka kumpa wakala mashine ya zamani, kuongeza fedha na kuchukua nyingine iliyo na nguvu zaidi. Utaratibu huu ni mzuri, lakini kamati isiyojiandaa hupewa bei ya chuma chakavu kwa mashine ambayo bado ina miaka ya kazi. Katika somo hili tunaeleza maandalizi yanavyofanyika hapa Tanzania.

Tuanze na karatasi, maana huko ndiko hasara kubwa hujificha. Mali ya kanisa au shirika mara nyingi imeandikishwa kwa jina la wadhamini waliosajiliwa chini ya Sura ya 318, si kwa jina la parokia. Hapo sahihi ya mwenyekiti wa kamati haitoshi. Tafuteni muhtasari wa kikao cha wadhamini unaoruhusu mashine iondoke, na msome mkataba wa mfadhili kuona kama anapaswa kuulizwa kwanza.

Jambo zito zaidi ni kodi. Kama mashine iliingia nchini kwa msamaha wa ushuru, Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inataka ushuru ulipwe inapohamishiwa kwa mtu asiye na haki ya msamaha huo. Nendeni TRA na nyaraka za kuingizia mashine, mjue mnadaiwa kiasi gani kabla hamjataja bei kwa mtu yeyote. Deni lililogunduliwa baada ya makabidhiano laweza kumeza fedha yote iliyopatikana.

Kuhusu mashine yenyewe, wakala hatazami umri tu. Hutazama mita ya saa za kazi, kisha huuliza daftari la matengenezo. Saa 6,000 zenye kumbukumbu za kubadili oili na vichujio zina thamani. Bila daftari ni namba tu. Kama mita iliwahi kufa au kubadilishwa, semeni hivyo kwa maandishi.

Kwa katapila, fundi wa wakala huinama chini kwanza kukagua cheni, rola na sproketi, kwa sababu sehemu hizo zaweza kula karibu nusu ya gharama za matengenezo ya mashine ya minyororo. Mpeni fundi wenu azipime mapema, ili msitegemee neno la mnunuzi peke yake. Siku ya ukaguzi msiwashe injini asubuhi. Mkaguzi mzoefu huigusa kwanza, na akiikuta ina joto hushuku kwamba inasumbua kuwaka.

Osheni mashine, badilisheni mipira ya haidroliki inayovuja, betri na taa. Kufumua injini yote hatushauri, kwani gharama hiyo hairudi kwa urahisi. Na rangi mpya? Sisi tukiiona juu ya kutu hujiuliza inaficha nini, na wakala hujiuliza vivyo hivyo.

Kwenye bei, ombeni namba mbili tofauti: bei ya mashine mnayochukua kwa fedha taslimu, na bei ya ile mnayotoa. Tuseme wakala anawapa shilingi milioni 60 mahali ambapo wengine wanatoa milioni 50. Kama amepandisha bei ya mashine yake kwa milioni 15, mmepoteza milioni 5 huku mkishangilia. Linganisheni kiasi cha kuongezea, kwa mawakala watatu hivi.

Hati ya makabidhiano iwe na namba ya injini na ya mashine, saa zilizosomwa siku hiyo, na picha. Msisitishe bima kabla umiliki haujahamishwa. Spea za stoo nazo ziorodheshwe: vichujio ambavyo havijafunguliwa na ndoo ya akiba vina bei yake, na wakala hatauliza msiposema.