SOMO LA AFYA: KARATASI YA INI INASEMA NINI?



Mara kwa mara matawi yetu huletewa daftari la mchango wa kumpeleka mwenzetu nje akapandikizwe ini. Hapa Kampala, Hospitali ya Mulago ilipandikiza figo kwa mara ya kwanza Desemba 2023. Lakini wanaohitaji ini wamekuwa wakisafiri, hasa kwenda India. Basi watu hutazama karatasi ya maabara, wakaona tarakimu kubwa, wakanong'ona: "Huyu haponi, tusitupe pesa." Tusihukumu kabla ya kujifunza.

ALT na AST ni nini?

Ni vimeng'enya, yaani vitu vinavyofanya kazi ndani ya seli za ini. Seli ikiumia, huvuja na kuingia katika damu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kila kimoja kwa kawaida hakizidi yuniti 40 hivi kwa lita.

Fikirini mafuta yaliyomwagika chini ya mashine. Yanaonyesha kwamba mashine inavuja, lakini hayaonyeshi inatoa mali kiasi gani. Kazi ya ini hupimwa kwa mambo mengine: je, linaondoa bilirubini, ile rangi ya manjano, katika damu? Je, damu inaganda upesi?

Tena, mafuta yanaweza kuacha kuvuja kwa sababu yamekwisha. Mtu ambaye ini lake limejaa makovu anaweza kuwa na ALT 30 huku yu mahututi. Ndiyo maana Marekani, tangu 2002, hesabu ya kupanga nani apewe ini kwanza haina ALT wala AST.

Baada ya kupandikizwa

Ini jipya hukaa saa kadhaa bila damu, kisha damu hurudishwa. Seli huumia, na vimeng'enya hupanda sana siku ya kwanza au ya pili. Kinachotakiwa ni vishuke siku hadi siku. Vikishuka kisha vikapanda tena, daktari aambiwe mara moja: huenda mwili unalikataa ini, au mshipa wa damu au mfereji wa nyongo umeziba.

Mwaka 2010, Kim Olthoff na wenzake huko Marekani walieleza dalili za ini jipya linaloanza kazi vibaya. Moja tu yatosha:

(a) ALT au AST kupita 2,000 katika siku 7 za kwanza;
(b) bilirubini kuwa miligramu 10 kwa desilita au zaidi siku ya 7;
(c) kipimo cha kuganda damu (INR) kuwa 1.6 au zaidi siku ya 7.

Katika wagonjwa 300 waliochunguzwa, wale wenye dalili walikufa karibu 19 kwa kila 100 ndani ya miezi 6. Wasio nayo, karibu 2 kwa 100. Hatari ni kubwa kweli, lakini hata katika kundi baya, karibu 81 kwa 100 walikuwa hai. Tarakimu kubwa ni onyo kwa daktari. Si hati ya kifo.

Tufanye nini?

1. Omba nakala ya kila kipimo, uitunze kwa tarehe.
2. Usitishwe na AST moja. Kazi nzito, kama kukata miwa, huipandisha kutoka katika misuli.
3. Pima homa ya ini B. Kama huna, upate chanjo na umalize dozi zote.
4. Punguza waragi, usizidishe panadol.

Maswali ya kujadili katika tawi

Kwa nini ALT ya kawaida si uthibitisho wa afya? Mwenzetu akirudi na ini jipya, atahitaji dawa maisha yake yote: tawi limepanga nini baada ya nauli?